Mume wangu alificha kitabu cha binti yetu, nami nimekiiba

Kwako Mshauri,

Pokea salamu kutoka Umoja. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma jinsi ilivyo.

Nina miaka 41, mume wangu 46. Yeye huchomelea milango na madirisha ya vyuma kule Kariobangi, mimi nina kibanda cha kushona nguo. Tulijaliwa watoto wawili. Kifungua mimba wetu, mvulana, alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, na Agosti mwaka juzi alituacha akiwa na miaka 15. Siku ile sitaieleza. Aliyebaki ni msichana wa miaka 13, yuko gredi ya nane.

Januari nilikwenda mjini kununua uzi na zipu, nikapita kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, unainama unachagua. Binti yangu anapenda kusoma kuliko kula. Nikaokota kimoja ambacho jalada lake limechanika, limebaki nusu ya farasi, na ndani kuna muhuri wa maktaba ya shule ya Uingereza. Shilingi mia moja. Nilidhani ni hadithi ya farasi. Kinaitwa The Brothers Lionheart, na mwandishi ni Astrid Lindgren wa Uswidi.

Alikimaliza kwa siku mbili, akaanza tena. Aliporudia mara ya nne nikaona si kawaida. Usiku namsikia akisoma kwa sauti ya chini, na siku moja nilipochungulia nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta pale kilipokuwa kitanda cha kaka yake. Kitanda chenyewe mume wangu alikitoa wiki mbili baada ya mazishi. Alikikatakata, vyuma vyake akavitia kwenye lango la mteja.

Mwezi wa Mei mwalimu wa darasa akatuita. Binti yetu alikuwa ameandika insha ya Kiswahili kuhusu likizo, na humo akasema kaka yake yuko nchi iitwayo Nangijala, ng'ambo ya nyota, kwamba haumwi tena viungo, na kwamba anamngojea. Mwalimu hakutugombeza. Aliuliza tu kama nyumbani kuko salama.

Njia nzima mume wangu hakusema neno. Tulipofika alikiomba kile kitabu akakipekua. Aliacha shule darasa la saba, na Kiingereza chake ni cha kuelewana na wateja. Akamwuliza binti yetu, "Humu wanasema nini?" Akajibiwa, "Huwezi kuelewa, baba." Hakusema kwa ujeuri. Alisema polepole, macho chini.

Basi akampelekea kijana wa jirani anayesoma chuo kikuu, akamwomba amwambie kinavyoisha. Akaambiwa kwamba mwishoni wale ndugu wawili wanaruka gengeni. Alirudi amebadilika uso. Akasema, "Vitabu vya wazungu vinamfundisha mtoto wangu kufa. Mimi sitazika wawili." Akakifungia kwenye sanduku la vifaa vyake, na tangu hapo kitabu ambacho hakikutolewa na shule hakiingii kwetu. Mama yake amemwunga mkono.

Nami nimefanya jambo ambalo sijawahi kufanya tangu tuoane. Usiku mmoja stima zilipopotea nilichukua ufunguo mfukoni mwake, nikakitoa kile kitabu, nikakisoma kwa tochi ya simu mpaka saa kumi alfajiri. Nililia kama sikuwahi kulia hata makaburini. Nilikipenda. Mwisho wake ukanitia hofu kama ilivyomtia mume wangu. Sijakirudisha. Nimekifunga kwa mfuko wa plastiki, nimekificha chini ya debe la unga. Mume wangu hajafungua upande ule wa sanduku, na binti yangu hajui kwamba ninacho.

Tangu siku hiyo binti yangu haongei. Anajibu ukimwuliza, lakini haongei. Mume wangu naye amekuwa mkatili kwa jambo hili, hataki hata kulisikia. Jina la mtoto wetu halitajwi nyumbani. Zamani kila Agosti walikuwa wakienda kwetu Taveta, yeye na mwanawe, kuvua samaki Ziwa Jipe. Mtoto hakuruhusiwa kuingia majini kwa sababu baridi ilimwamshia maumivu, kwa hiyo aliketi ukingoni na sweta mbili, ameshika ndoana. Ile ndoana bado inaning'inia nyuma ya mlango. Hakuna anayeigusa.

Nimrudishie binti yangu kitabu kwa siri, au nimtii mume wangu? Na je, ni mimi niliyeleta haya yote kwa shilingi mia moja?

Mama mwenye siri, Umoja


MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Pole ya mwaka juzi, na pole ya sasa. Asante kwa kutoifuta barua mara ya nne.

Nikikuelewa vizuri, binti yako ameshikilia kitabu ambacho ndani yake amemwona kaka yake. Baba yake amekichukua kwa sababu ameona ndani yake kaburi la pili. Nawe uko katikati, umekiiba, umekipenda, na kinakuogofya. Unaniuliza umrudishie binti au umtii mume. Swali hilo nitalifikia, ila liko lingine linalopaswa kutangulia, na hilo halingoji.

Umesema mtoto ameandika kwamba kaka yake anamngojea, na sasa amenyamaza. Huenda ni majonzi ya kawaida ya mtoto aliyefiwa. Huenda pia kuna zaidi. Mimi siwezi kujua nikiwa hapa, nawe hutajua kwa kumchungulia usiku. Mwulize waziwazi, mkiwa wawili tu, labda mkichambua sukuma wiki ili macho yawe na pa kutazama: "Ulipoandika kwamba anakungojea, huwa unawaza kufa ili umfuate?" Najua ulimi utakuwa mzito. Wazazi wengi huogopa kwamba kulitaja jambo hilo ni kumpa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Mtoto ambaye hana wazo hilo atakwambia hana, na mwenye nalo hupata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu aliyeuliza. Akikubali, au akikwepa huku anagawa vitu vyake na kuongea kama anayeaga, usimwache peke yake na usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana, na mzazi pia anaweza kuipiga. Hili lifanye wiki hii, kitabu kiwe chini ya debe au juu yake.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Nimekisoma, na nakipenda kama wewe.

Kilitoka Uswidi mwaka 1973, na Joan Tate akakitafsiri kwa Kiingereza kikatoka 1975. Astrid Lindgren alikuwa na miaka zaidi ya sitini alipokiandika. Katika makaburi ya Vimmerby, mji wa kwao, aliona kaburi la ndugu wawili wachanga waliofariki 1860, na kutoka hapo wazo la ndugu wawili na mauti likamwingia. Nakwambia hivi ili ujue kwamba kilianzia palepale mlipo ninyi, makaburini, kwa mtu aliyesimama akijiuliza watoto hawa wamekwenda wapi.

Hofu ya mumeo nayo, tafadhali usiiite ukatili wala ushamba. Kitabu kilipotoka, wasomi wa Uswidi kwenyewe walibishana vikali kuhusu mwisho ule. Wapo waliosema unamwonyesha mtoto kwamba kujiua ni njia ya kutoka katika dhiki. Hayo ndiyo aliyoyasema fundi wa Kariobangi baada ya kusimuliwa ukurasa mmoja tu. Upande wa pili walikuwa watoto wenyewe, ambao wengi walimwandikia Lindgren barua wakitaka kujua nini kilifuata katika ile nchi ya pili, ambako wale ndugu wanakwenda baada ya kuruka. Wakubwa waliona kifo, watoto wakaona ndugu ambao hawakuachana. Binti yako anaona nini? Mimi naweza kukisia tu, na wewe pia unakisia, na mumeo anakisia.

Nitakupa kisio langu, ukipime. Mwanzoni mwa hadithi mgonjwa ni Karl, yule mdogo, na kila mtu anajua atakufa. Lakini nyumba inashika moto, kaka yake mzima wa afya, Jonatan, anambeba mgongoni na kuruka dirishani, na anayekufa ni Jonatan. Karl anabaki akiamini kwamba mji mzima ungependa angekufa yeye. Mstari huo nilipoufikia nilikifunga kitabu nikatoka nje. Dada yangu, kwenu mgonjwa alikuwa mkubwa na mzima alikuwa mdogo, lakini aliyebaki ni aliyebaki. Kwa miaka 11 maumivu yalipoanza usiku, nyumba yote ilimgeukia nani? Ilikuwa lazima, hakuna mzazi ambaye angefanya vingine, na simlaumu yeyote. Nauliza tu kama kuna siku binti yako alijiona kama Karl, akaona ndani ya kitabu kwamba kuna mtoto mwingine anayelijua hilo. Ikiwa ndivyo, huenda harudii kitabu kwa ajili ya ukurasa wa mwisho. Huenda anarudia kwa ajili ya ule wa mwanzo.

Kuhusu "vitabu vya wazungu". Mimi nilikua nikidhani Abunuwasi ni mtu wa Mji wa Kale Mombasa. Ningeweza kuapa kwamba nimeona nyumba yake. Kumbe kulikuwa na mshairi wa jina hilo Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na hekaya zake zilivuka bahari, zikavaa kanzu yetu, na leo ni zetu. Hadithi husafiri, na husafiri zaidi pale watu walipoumia. Baada ya vita vya pili vya dunia, mwanamke Myahudi aitwaye Jella Lepman alirudi Ujerumani, nchi aliyoikimbia, akakuta watoto hawana vitabu na wazazi wengi wamekufa. Akaziandikia nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani akiomba vitabu vya watoto, na mwaka 1946 akavionyesha Munich, watoto wakapanga foleni. Kitabu kimoja, cha fahali asiyetaka kupigana, alikitafsiri mwenyewe, zikachapwa nakala 30,000 kwenye karatasi ya gazeti wagawiwe watoto. Maktaba ya kimataifa ya vijana aliyoianzisha mwaka 1949 bado iko Munich. Nilipokuwa nasoma kuhusu wewe na tochi yako ya simu nilimkumbuka huyo mama.

Lakini wala sidhani kwamba uzungu ndio uliomuuma mumeo.

Katika barua yako yote nimemsikia binti yako mara moja tu. "Huwezi kuelewa, baba." Maneno matatu. Tafadhali yarudie polepole kwa sikio la mume wako. Mwanawe wa kwanza amekwenda mahali asipoweza kumfuata, na sasa wa pili anamwambia kwamba yuko naye huko, ndani ya kitabu, na baba mlango umemfungia kwa sababu ni wa Kiingereza. Akalazimika kwenda kwa kijana wa jirani kuuliza habari za nyumbani kwake. Mwanamume anayekata kitanda cha mtoto wake na kukitia kwenye lango la mtu mwingine, mimi simwoni kama asiyejali. Naona mtu ambaye hakuweza kukitazama kile kitanda hata siku moja zaidi. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayemjua.

Kwa hiyo njia zako ninaziona hivi, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kumrudishia kitabu kwa siri. Atafurahi, na kwa siku chache utampata. Ila utakuwa umemfundisha kwamba kumlilia kaka yake ni jambo la kufichwa baba, na siri ya nyumba ya vyumba viwili haikai. Siku mumeo atakapoinua upande ule wa sanduku, mtagombania kitabu ilhali si kitabu mnachokililia. Na ikiwa mtoto yuko katika hali ile niliyoitaja mwanzo, ataachwa peke yake usiku na mwisho ule ule.

Unaweza kukirudisha sandukuni na kunyamaza. Watu wengi wa busara wangekushauri hivyo, na kuna familia ambazo muda umewatengeneza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba nyumba yenu tayari imejaa vitu visivyoguswa: jina, ndoana, na sasa kitabu. Tena msichana anayesoma hivyo atasoma tu, kwa simu ya rafiki au nyuma ya darasa, mahali usipokuwapo wewe.

Au unaweza kumwambia mumeo ulilofanya. Hili ndilo gumu. Atakasirika kwa ufunguo kabla ya kusikia lolote kuhusu kitabu, na ana haki. Chagua siku ambayo si ya deni wala ya mgeni. Usianze kwa kukitetea kitabu. Anza kwa kusema kwamba ulilia, na kwamba mwisho ule ulikuogofya kama ulivyomwogofya yeye, maana hilo ni kweli na yeye hajui. Sasa hivi anadhani yuko peke yake na hofu hiyo.

Akikusikiliza, kuna jambo moja ambalo ningependa mlifikirie pamoja. Kitabu hiki kimesafiri kutoka Kiswidi mpaka Kiingereza. Kimebakiza hatua moja tu kifike kwenu. Je, binti yako anaweza kumsimulia baba yake kwa Kiswahili, sura moja kila jioni, wewe ukiwepo? Asikisome, akisimulie, akitafuta maneno. Atakwama. Atauliza, "Baba, hiki kitu kwa Kiswahili kinaitwaje?" na baba atakuwa na jibu, kwa sababu Kiswahili chake kina vyuma, farasi, moto na maji kuliko cha mtoto wa gredi ya nane. Mtoto anayesoma peke yake sakafuni huongea na aliyekufa. Anayesimulia hulazimika kumtazama aliye mbele yake. Mkifika lile genge, mtakuwa watatu, na baba anaweza kusimamisha hadithi na kusema, "Mimi hapa singetaka uruke," nao wakabishana. Hatari yake? Mumeo anaweza kukataa katakata. Anaweza kukubali halafu akashindwa katikati, akatoka nje, na binti akadhani amekosea. Umwandae kwa hilo. Na kama mtoto amekujibu vibaya kwa lile swali langu la kwanza, jambo hili lisubiri mpaka mmeonana na daktari au mshauri wa watoto.

Kuhusu vitabu vingine, maana kitabu kimoja hakifai kubeba mtoto mzima: maktaba za Makadara na Kaloleni ziko upande wenu wa Eastlands, na Jumamosi moja mnaweza kwenda naye. Mumeo akitaka Kiswahili, viko vilivyotafsiriwa. Ida Hadjivayanis alitoa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mwaka 2015, chenye vichekesho vya kutosha kumrudisha mtoto kwenye kucheka. Ukikutana na Mwana Mdogo wa Mfalme, ambacho asili yake ni Kifaransa cha mwaka 1943, ni kizuri mno, ila kisome wewe kwanza. Nacho mwisho wake ni kuondoka kwa mtoto, na huenda si cha mwezi huu.

Uliniuliza kama ni wewe uliyeleta haya kwa shilingi mia moja. Haya yalikuwapo nyumbani kabla hujainama pale barabarani. Ulichonunua ni kitu kilichomfanya binti yako aseme, kwenye insha, mbele ya mwalimu, kwamba ana kaka. Mwaka mzima na zaidi hakuna mwingine aliyelisema.

Jambo la mwisho, ambalo sijui kama uliliona ukisoma kwa ile tochi. Karl anapofika Nangijala, anamkuta Jonatan mtoni, mzima, anavua samaki. Mume wako akikubali kusikiliza sura moja tu na asitake nyingine, mwombe binti yako aanzie hapo. Kabla hajaanza, mtu mmoja wenu aiteremshe ile ndoana.